Pikipiki inasita ukiitia gazi? Angalia haya mbele ya kununua karibirateri mpya

Wamotari wengi wa Bukavu wanalijua tatizo hili. Asubuhi pikipiki inawaka vizuri, ralanti inatulia, hakuna kelele ya ajabu. Lakini ukiitia gazi kwa nguvu, moteri inanyamaza kidogo, inakohoa mara moja ao mbili, kisha inaondoka kwa kuruka. Siku nyingine haiondoki kabisa, inazimika.

Kwenye njia ya tambarare hilo ni usumbufu tu. Kwenye mulima ni jambo lingine. Pikipiki inayopanda kuelekea Kadutu ikiwa na abiria na mfuko wa unga nyuma, huku gari kubwa likiifuata, haina nafasi ya kusita. Nguvu ikikatika, mwendeshaji anashusha miguu, pikipiki inaanza kurudi nyuma, na abiria hajui aruke upande gani.

Jibu ambalo wengi wanapewa wakifika kwa fundi linajulikana pia: "Karibirateri imekufa, leta pesa tuuze ingine." Pesa inatoka, karibirateri mpya inafungwa, na kisha wiki moja ugonjwa unarudi. Sababu ni kwamba uchafu uliofunga ile ya zamani ulikuwa unatoka mu tanki, na tanki halikuguswa. Mara mingi karibirateri haikufa. Ilikuwa chafu, ao shida haikuwa kwake hata kidogo.

Makala hii inahusu pikipiki za nyakati nne zenye silinda moja, kama TVS, Bajaj Boxer na Haojue, zile zinazobeba watu na mizigo katika mji wetu na vijiji vinavyouzunguka. Inafuata mpangilio mmoja: kuanza na yale yasiyoomba pesa, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kujaribu tena mbele ya kuendelea.

Kwa nini inasita

Moteri ya nyakati nne inavuta hewa na esansi, inabana, inachoma, kisha inatoa moshi. Ili mchanganyiko uwake vizuri, inahitaji karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya esansi. Karibirateri ndiyo inapima hayo, bila umeme wala kompyuta: hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake, inanyonya esansi kupitia matundu madogo ya shaba ambayo mafundi wanaita jikleri.

Ukifungua gazi ghafla, hewa inaingia mara moja kwa sababu ni nyepesi. Esansi ni nzito, inachelewa. Kwa nusu sekunde moteri inapata hewa nyingi na esansi kidogo. Pikipiki nzima na safi inavuka nusu sekunde hiyo bila mtu kuisikia. Lakini tundu moja likiwa limeziba nusu, ao hewa ikiwa inaingia mahali pengine pasipostahili, ile nusu sekunde inakuwa sekunde mbili. Hapo njo unasikia inakohoa.

Kuna pia upande wa pili: esansi ikizidi na hewa ikipungua, moteri inakuwa kama mtu aliyejazwa chakula mdomoni. Inasita vilevile, ila inatoa moshi mweusi na harufu ya esansi. Kwa hiyo swali la kwanza si "nani alikufa?" bali "esansi imepungua ao imezidi?"

Hakikisha kwanza ni moteri

Kuna magonjwa yanayofanana na hili lakini hayatoki kwenye moteri. Ukitia gazi na moteri inapiga kelele kwa nguvu huku pikipiki haiongezi mwendo, hiyo ni ambreyaji inayoteleza. Ukiinua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono, likakataa kuzunguka kwa urahisi, freni inabana ao mnyororo umekazwa kupita kiasi.

Angalia pia kamba ya gazi. Mkono wa gazi unapaswa kuwa na mchezo wa milimita chache mbele ya kuanza kuvuta, na ukiuachilia urudi wenyewe haraka. Zungusha usukani kushoto na kuume wakati moteri iko kwenye ralanti. Kama sauti inapanda, kamba imekaa vibaya ao ni fupi.

Jaribio la starta

Starta ni kile kifimbo kinachovutwa asubuhi pikipiki ikiwa baridi. Kazi yake ni kuongeza esansi ao kupunguza hewa. Kwa sababu hiyo, inaweza kukuambia ugonjwa uko upande gani, na haiombi hata franka moja.

Pasha moteri moto kwanza. Kisha, ukiwa umesimama mahali salama na vitesi viko huru, vuta starta nusu na utie gazi.

Kama pikipiki inajibu vizuri kupita mwanzo, ilikuwa na njaa ya esansi. Tafuta kizibo kwenye njia ya esansi ao tundu linaloingiza hewa.

Kama inazidi kuwa mbaya, ilikuwa imeshiba. Tafuta filtri ya hewa iliyojaa uchafu, esansi inayofurika ndani ya karibirateri, ao starta yenyewe ambayo hairudi mpaka mwisho.

Kama hakuna kinachobadilika, angalia upande wa umeme: buji, kofia yake na bobini.

Esansi ya chupa na bidoni

Mu Bukavu si kila mtu anajaza kwenye stesheni. Wengi wanauziwa na wale wa kando ya barabara, watu wanaowaita kadafi, ambao esansi yao imepita katika bidoni nyingi mbele ya kufika kwenye tanki. Si lazima awe mwizi. Bidoni iliyoachwa wazi wakati wa mvua, ama ile iliyokuwa na mafuta mengine jana, inatosha.

Maji ni rahisi kuyaona. Chini ya karibirateri kuna kikombe, na kwenye kikombe kuna vis ya kukimwaga. Zima moteri, iache ipoe, kisha mwaga kile kilicho ndani katika chupa safi inayoonyesha. Acha dakika chache. Maji ni mazito kupita esansi na hayachanganyiki nayo: utayaona chini kama tone linalotembea peke yake. Ukiona na unga wa rangi ya kutu, tanki limeanza kuoza ndani.

Petroli ya taa iliyochanganywa katika esansi ni ngumu zaidi kuiona. Jaribio moja la zamani linasaidia: angusha tone moja juu ya karatasi nyeupe na safi, mbali na moto. Esansi nzuri inakauka haraka na haiachi kitu. Ikiwa na petroli ao mazuti, karatasi inabaki na doa la mafuta. Pikipiki inayokunywa mchanganyiko huo inawaka kwa shida asubuhi, inapoteza nguvu kwenye mulima na wakati mwingine inagonga-gonga ndani ya silinda.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanalisahau: kifuniko cha tanki. Kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Matope yakikiziba, esansi haishuki, kama vile chupa iliyogeuzwa bila kupumua. Dalili yake iko wazi: pikipiki inaenda vizuri kilometa chache, inaanza kusita, inazimika, ukipumzika kidogo inawaka tena. Siku itakapofanya hivyo, fungua kifuniko. Ukisikia hewa inaingia na pikipiki ikapona, shida ni kitundu, si karibirateri.

Mwisho wa sehemu hii, chomoa mpira wa esansi kutoka karibirateri na uangalie jinsi esansi inavyoshuka ukifungua robini. Kwenye pikipiki ambazo esansi inashuka kwa uzito wake yenyewe, inapaswa kutiririka bila kukatika. Ikidondoka tone kwa tone, safisha robini na filtri yake ndogo.

Hewa: filtri na mpira wa nyuma

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua ikikatika, vumbi la barabara zetu linapanda mpaka kwenye madirisha. Pikipiki inavuta vumbi hilo mchana kutwa. Filtri iliyojaa inaifanya moteri ishibe esansi na ikose pumzi.

Filtri ya eponji inaoshwa kwa maji na sabuni, inakamuliwa bila kupindwa, inakaushwa kabisa, kisha inapakwa mafuta kidogo ya moteri na kukamuliwa tena. Filtri ya karatasi haioshwi kamwe; inapulizwa hewa kutoka ndani kwenda inje, na ikizeeka inabadilishwa.

Kuna desturi ya kuondoa filtri kabisa "ili moteri ipumue." Kwa siku chache pikipiki inaweza kuonekana ina nguvu. Lakini hewa inazidi, mchanganyiko unakuwa mkavu, na vumbi la barabara linaingia moja kwa moja kati ya pistoni na silinda, ambapo linafanya kazi ya msasa. Kisha miezi michache, mwenye pikipiki hatafuti tena filtri. Anatafuta pistoni na segima.

Kama kisanduku cha filtri kina mafuta mengi ndani, angalia pia kipimo cha mafuta ya moteri. Mafuta yakipita alama ya juu, yanasukumwa kupitia mpira wa kupumulia na kuilowesha filtri.

Kati ya karibirateri na moteri kuna mpira ao kiungo chenye bolti mbili. Jua, joto na mtikisiko vinaupasua. Hewa inayoingia pale haikupimwa na mtu. Washa moteri, iache kwenye ralanti, kisha pakaza maji ya sabuni kuzunguka kiungo hicho. Sauti ya moteri ikibadilika, ao povu likinyonywa ndani, umepata tundu. Usitumie esansi kwa jaribio hilo, hata kama umeona mtu akifanya. Moteri ikiwa ya moto, esansi inaweza kuwaka mikononi mwako.

Buji inasema ukweli

Chomoa buji baada ya mwendo wa kawaida na uache ipoe. Ncha ikiwa na rangi ya kahawia kama udongo uliochomwa, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, esansi imezidi. Ikiwa nyeupe sana, esansi imepungua na moteri inaungua kwa joto. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, moteri inakula mafuta, na hapo karibirateri haina kosa.

Nafasi ya ncha ya buji kwa pikipiki nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Ikipanuka kupita hapo, cheche inaweza kuonekana nzuri ukiijaribu inje, lakini inakufa ndani ya silinda wakati moteri inabanwa kwenye mulima. Kofia ya buji iliyopasuka nayo inavujisha umeme, hasa baada ya mvua ao baada ya kuosha pikipiki. Usiku, mahali penye giza, unaweza kuona cheche za buluu zikirukia silinda. Usiguse, zima, kausha ao badilisha.

Alama tatu kwenye mkono wa gazi

Kama esansi, hewa na buji ni sawa na pikipiki bado inasita, sasa ni haki kuishuku karibirateri. Lakini hata hapo unaweza kujua ni sehemu gani mbele ya kuifungua.

Bandika kipande cha skochi kwenye mkono wa gazi na kingine pembeni yake pasipozunguka. Weka alama: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Kisha tembea mahali pasipo na watu wengi na uangalie pikipiki inasita kwenye alama gani.

Kuanzia ralanti mpaka karibu robo, kazi inafanywa na jikleri ndogo na vis ya ralanti. Kuanzia robo mpaka robo tatu, kazi ni ya sindano inayopanda na kushuka katikati ya karibirateri. Kuanzia robo tatu mpaka mwisho, ni jikleri kubwa.

Pikipiki nyingi zinazosita zinafanya hivyo mwanzoni kabisa, mbele ya robo. Jikleri ndogo ina tundu jembamba kama unywele, na njo ya kwanza kuziba. Kubadilisha jikleri kubwa hapo, kama wengine wanavyofanya, hakutasaidia kitu.

Ukiifungua

Funga robini, mwaga kikombe, fanya kazi inje ao mahali penye hewa. Kama umeme wa SNEL umekatika, tumia tochi ya simu, si buji ya mwangaza. Tandika kitambaa safi na upange kila kitu kwa mpangilio ulioutoa.

Jikleri hazitobolewi na waya wa chuma. Shaba ni laini. Tundu likipanuka hata kidogo, kipimo kimepotea na pikipiki itakunywa esansi maisha yake yote. Zilowesha, zipulizie hewa ya kompresa, kisha uzitazame kwa mwangaza: unapaswa kuona duara kamili.

Vis ya ralanti usiichomoe bila kuhesabu. Ifunge taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, andika, kisha ifungue. Kwa pikipiki nyingi, mahali pa kuanzia ni kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Vis iliyo upande wa filtri inapima hewa: kuifungua kunapunguza esansi. Iliyo upande wa moteri inapima mchanganyiko: kuifungua kunaongeza esansi. Ukikosea hapo, unatibu njaa kwa kunyima chakula.

Kagua floteri, kile kinachoelea ndani ya kikombe. Kikiwa kimetoboka, kitazama na esansi itafurika. Kama karibirateri yako ina ngozi ya mpira juu, itazame mbele ya mwangaza: tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya pikipiki isite kila unapoitia gazi. Ngozi hiyo usiiloweshe katika esansi, inavimba.

Mbele ya kurudisha karibirateri, osha tanki na uweke filtri ndogo mpya kwenye mpira wa esansi. Usipofanya hivyo, umesafisha kikombe tu na kuacha mtungi mchafu.

Bukavu iko juu

Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pwani. Uvira, kando ya Tanganyika, iko chini yetu karibu mita 700. Pikipiki iliyopimwa vizuri kule, ikipanda mpaka hapa, inapata hewa pungufu kwa esansi ileile: inaelekea kushiba. Ikishuka Ngomo kurudi Kamanyola, inaelekea njaa kidogo.

Tofauti hiyo peke yake haiizimishi pikipiki nzima. Lakini inaongezea ugonjwa uliopo. Kwa hiyo mtu anayeuza jikleri kubwa zaidi "ili ipande mulima vizuri" anakwenda kinyume. Kwa kimo cha Bukavu moteri haiombi esansi zaidi, inaombea hewa.

Supapu, na wakati wa kumwona fundi

Kama yote yamefanywa na pikipiki inasita hasa ikiwa ya moto, waombe wapime nafasi za supapu. Zinapimwa moteri ikiwa baridi kabisa, kwa vibati vya kupimia, na kipimo ni kidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita ao chini yake kufuatana na aina. Supapu iliyolegea inagonga na kila mtu anaisikia. Iliyobana haipigi kelele, na njo mbaya zaidi, kwa sababu haifungi vizuri, nguvu inavuja, na mwishoni inaungua.

Kupima supapu na mbano wa silinda ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Lakini mwenye pikipiki akifika kwake na maneno kamili, kazi inabadilika. Badala ya kusema "inakata tu", anaweza kusema: "Inasita mbele ya robo ya gazi, ikiwa ya moto, nikivuta starta inapona, esansi haina maji, buji ni nyeupe." Fundi mzuri atafurahi, kwa kuwa nusu ya kazi imeisha. Na yule aliyetaka kuuzisha karibirateri mpya atalazimika kueleza kwanza kwa nini.

Mpaka ipone, pikipiki inayosita isibebe abiria wawili, isipite gari kubwa kwenye mulima, na mwendeshaji aache nafasi mbele yake. Pesa ya jioni ya mwenye pikipiki ni muhimu, lakini siku moja ya matengenezo ni nafuu kuliko siku moja hospitalini.